Dudhi la Dakika Ishirini

Nilikuwa nimeegemea friji la Kaku, simu mkononi, narekodi. Mafuta yameshapata moto, haradali iko kwenye kijiko, na mimi nasubiri ule mlio wake wa kualika niunase vizuri, maana najua wasomaji wangu wanapenda video yenye sauti. Nikasema, nusu kwake na nusu kwenye simu, kwamba hiki ndicho chakula chepesi kuliko vyote nilivyovikuta Pune, mji huu wa India: mboga moja, sufuria moja, dakika 20, umemaliza.

Mkaza mwana wake alikuwa pembeni anasukuma chapati. Namwita Vahini, kama watu wa hapa wanavyomwita mke wa kaka; Kaku nalo ni jina lao la heshima kwa mama wa makamo. Hakuinua kichwa.

"Andika na nani anasukuma hizi."

Kaku akacheka, nami nikacheka, haradali ikaalika, video ikatoka safi kabisa.

Sijaiweka mpaka leo.

Umeugua?

Dudhi ni lile mumunye refu la kijani mpauko, shingo nyembamba, tumbo limejaa kidogo. Kaskazini mwa India wanaliita lauki, Wabengali lau, Watamil sorakkai. Hapa Maharashtra, na kwa jirani zao Wagujarati, ni dudhi, na wale mnaonunua mboga soko la Kisutu, Dar es Salaam, au Parklands kule Nairobi, jina hilo mmeshalisikia likitajwa juu ya mizani.

Nilipomwambia dada yangu kwenye simu kwamba wiki nzima nakula dudhi, swali lake la kwanza lilikuwa: "Umeugua?"

Hapa kwenyewe wangemwelewa. Dudhi halina heshima India. Mtoto akifungua kisanduku chake cha chakula shuleni akalikuta, anaanza kutafuta mjinga wa kubadilishana naye. Ofisini kwetu mtu akisema leo nyumbani ni dudhi, anapewa pole. Ni chakula cha mwenye presha, cha aliyetoka hospitali, cha baba mwenye kitambi aliyeonywa na daktari. Karibu asilimia 95 yake ni maji, na wenye kulidharau wanaanzia hapohapo: unakula maji yenye umbo.

Na bado kila mkokoteni wa mboga mtaani kwetu unalo, mwaka mzima. Mtu analinunua, tena sana, ila hapigi picha.

Sisi wa pwani tumemjua Mhindi kwa chakula chake cha sherehe. Biriani, sambusa, bajia, kachori, jalebi: vile vinavyouzwa dukani au vinavyoletwa na sinia siku ya arusi. Kinachopikwa Jumanne usiku mlango umefungwa hatukijui. Ndicho nilichotaka kuwaonyesha. Nilidhani nina jambo jipya na jepesi mkononi.

Ukucha wa Kaku

Kaku hachagui dudhi kwa macho peke yake. Twende naye Mandai, lile soko kubwa la mawe lililojengwa na Waingereza miaka ya 1880 likapewa jina la Reay, gavana wao wa Bombay wakati huo, na ambalo siku hizi lina jina la Mahatma Phule. Muuzaji wake, Kaku anamwita mavshi, yaani mama mdogo, japo ukiwaweka pamoja huyo mama mdogo ni wa umri wa binti yake. Mavshi anamjua mteja wake. Anaanza kulalamika kabla dudhi halijaguswa.

Kaku anaanza na uzito. Dudhi jepesi kwa ukubwa wake analirudisha palepale. Kisha anatafuta vinyweleo laini karibu na kikonyo, kwa sababu ngozi iliyokwisha kuwa nyororo na kung'aa imezeeka. Halafu, huku anauliza bei ya kitu kingine kabisa, anazamisha ukucha wa dole gumba. Ukiingia bila ubishi na unyevu ukachomoza, linakwenda kwenye kikapu. Ukigoma, linarudi kwenye rundo na alama ndogo ya mwezi mchanga. Litazame rundo lile karibu: shingo zote zina hizo alama. Nusu ya wanawake wa mji wameshapita hapo kabla yenu.

Mumunye huharibikia ukubwani, walisema wazee wetu, na walikuwa wakiwasema watu. Kwa Kaku hilo ni jambo la sokoni tu. Mbegu zikishakuwa ngumu na nyama ikaanza kuwa ya sufi, hakuna kiungo kitakacholiokoa.

Ingawa wapo wanaolisubiri lizeeke. Kusini mwa jimbo hili kuna mji wa Miraj, ambako mafundi wa sitar na tanpura, ala za muziki za nyuzi, wamekuwa wakifanya kazi hiyo tangu karne ya 19, na lile tumbo la chombo linalotoa mvumo ni mung'unye wa jamii hiihii, ulioachwa shambani mpaka ukakauka, mingi ikitoka upande wa Pandharpur. Niliona imening'inizwa na kupangwa kwenye karakana, mikubwa, rangi ya kahawia, na nikashika mmoja. Mwepesi ajabu. Nilichokumbuka ni kibuyu cha maji nyumbani kwa babu yangu, na kumbukumbu hiyo haikupotea njia: asili ya mmea huu ni Afrika, na mwaka 2004 watafiti walichapisha maelezo ya mmea wa mwituni uliokutwa Zimbabwe. Ulifika Asia zamani mno, hata hakuna anayeuona mgeni. Ukimwambia Kaku dudhi ni la kwetu anakutazama vilevile ambavyo mama yangu angemtazama mtu anayedai muhogo ni wa Brazili. Ambao kweli ni wa huko, lakini nani akamwambie.

Maji juu ya kifuniko

Haya, upishi wenyewe. Nitausema wote, kwa sababu malalamiko yangu hayahusiani na ladha yake.

Nusu kilo ya dudhi changa. Robo kikombe cha dengu za kupaaza, zimelowekwa saa moja au zaidi mpaka ukizibonyeza kwa kucha zinavunjika. Menya dudhi, kata vipande vya ukubwa wa kete ya dama, na kabla ya kufanya lolote tafuna kimoja kibichi. Likiwa chungu, tupa lote. Hili si suala la ladha: mwaka 2010 mtu mmoja alifariki Delhi baada ya kunywa juisi ya dudhi iliyokuwa chungu, na kamati iliyoundwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la India, ICMR, ikatoa onyo kwamba juisi chungu isinywewe kabisa. Ni sumu ya mmea wenyewe, kundi la kemikali liitwalo kukubitasini, na moto wa jikoni hauiondoi. Kaku hajui jina hilo. Alifundishwa na mama yake kutafuna kipande kwanza.

Mafuta vijiko viwili vya chakula. Yakipata moto, haradali nusu kijiko cha chai, ufunike upesi kwani inaruka. Ikitulia, bizari nyembamba kiasi hichohicho, kisha hing, ule unga wenye harufu ya kukimbiza wageni, chembe tu ya ncha ya kisu. Manjano. Pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa. Yote haya hayazidi nusu dakika, na ni hapa chakula kinapofaulu au kuharibika, maana kila kimoja kina zamu yake kwenye mafuta na kinachoungua hakirudi nyuma. Tia dengu, geuza. Tia dudhi, geuza.

Mkono wangu, siku za mwanzo, ulikuwa unatafuta kitunguu. Mchuzi bila kitunguu? Bila thomu? Nilidhani Kaku amesahau, nikamkumbusha kwa adabu. Akaniambia familia nyingi za hapa huacha kitunguu, kitunguu saumu na hata biringani katika Chaturmas, miezi minne inayoanza na masika yao, na dudhi ni miongoni mwa mboga zinazobeba jiko kipindi hicho. Kwake limebaki hivyo mwaka mzima. Anasema kitunguu kinalizidi sauti.

Sasa kifuniko. Anachukua sahani ya chuma yenye kingo, anafunika sufuria, halafu anamimina maji baridi juu ya sahani. Juu, nje. Mara ya kwanza sikuelewa kabisa. Mvuke unapanda, unagusa chuma kilichopozwa na yale maji, unageuka matone, unadondoka tena kwenye mboga. Dudhi linaiva kwa maji yake lenyewe na haliungui chini, na hujaongeza hata tone. Maji ya juu yakianza kutoa moshi, mambo yamekaribia. Zikiwa dengu bado ngumu, hayohayo ya juu yaliyokwisha pata moto ndiyo yanayomiminwa ndani.

Chumvi inaingia mwishoni mwishoni, dudhi likishanywea, kwa sababu ukitia mapema utapima kwa sufuria iliyojaa na utakula kwenye sufuria iliyopungua nusu. Kipande cha sukari guru ukubwa wa ukucha. Kijiko kilichojaa cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Nazi mbichi iliyokunwa kidogo, majani ya giligilani, zima moto.

Maganda hayatupwi. Yanakatwa nyembamba, yanakaangwa makavu mpaka yanakakamaa pamoja na ufuta na nazi kavu, yanatiwa chumvi na pilipili, na hicho ndicho kinachonifanya mimi nipande ngazi kwenda kwa Kaku bila kualikwa.

Viungo ni vichache kuliko vya pilau yetu ya kawaida kabisa. Nikikuta maelekezo ya dudhi yenye viungo kumi na viwili, huwa nahisi mwandishi wake analionea haya dudhi.

Dakika 20 jikoni, kweli. Nilipima.

Saa ya Vahini

Kilichonikera ni kwamba nilipima kuanzia mafuta.

Nilikuwa najua, kama kila mtu anayekula kwao anavyojua, kwamba bhaji hii, yaani mboga iliyopikwa, hailiwi peke yake. Inaliwa na chapati, ambazo Pune wanaziita poli, nyembamba, zenye tabaka, na zinatoka moja moja kwenye moto hadi kwenye sahani ya mlaji. Anayezisukuma anakula wa mwisho. Kuna dali pembeni. Kuna wali wa kumalizia, na mtindi, ambao uligandishwa jana usiku na mtu aliyekumbuka kabla ya kulala. Dengu zilikuwa zimelowekwa na mtu. Karanga za kutwanga zilikuwa kwenye kopo kwa sababu Jumapili mtu alikaa akazimenya. Na unga wa chapati ulikuwa umeshakandwa nilipoingia, umefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, mimi nikaupita nikaenda kuegemea friji.

Vahini anafanya kazi benki. Anatoka nyumbani saa tatu kasoro. Kabla ya hapo visanduku vya chakula vinne vinatakiwa viwe vimefungwa.

Niliporudi kumuuliza, siku nyingine, kama alikuwa amekasirika, alishangaa kwamba nilikuwa bado nalifikiria. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasema kilichopo. Wewe unapika ukitaka, akaniambia, na usipotaka unaagiza.

Hilo la pili liliuma zaidi ya lile la kwanza.

Nikaamua basi nibadilishe makala. Nitaandika kwamba wepesi wa chakula hiki ni uongo, umebebwa na wanawake, na kadhalika. Nikaandika kurasa mbili kali. Nikamsomea Kaku, nikimtafsiria kadiri nilivyoweza.

Hakuzipenda hata kidogo.

Kaku amepika kwenye nyumba hii tangu alipoolewa, wakati mama mkwe wake bado ana nguvu na jiko ni la mafuta ya taa. Aliniuliza kama nimewahi kuchambua majani ya methi, yaani uwatu, jani moja moja, kwa watu tisa. Kama nimewahi kujaza biringani ndogo masala ya karanga na nazi, moja moja, kisha mtu anakuambia chumvi imepungua. Kama nimeshaona puran poli, zile chapati za kujazwa dengu tamu, zinavyotengenezwa siku ya sikukuu ya Holi. Dudhi, alisema, lilikuwa mapumziko yake. Siku aliyochoka, siku mgongo unauma, siku ameamka hana hamu na mtu, alikuwa ananunua dudhi. Linamenyeka upesi, halihitaji kusimamiwa, na maji ya kifuniko yanalinda sufuria wakati yeye amekaa kibarazani na chai yake. Sasa mimi nije niliandike dudhi lake kuwa ni mateso?

Kwa hiyo nikawa na makala mbili, zote mbili nusu, na wanawake wawili wa nyumba moja ambao kila mmoja alikuwa na haki.

Mama mkubwa

Nikiwa kwenye mkwamo huo ndipo nilipomkumbuka mama mkubwa.

Dada yake mkubwa mama yangu alifanya kazi miaka mingi kwenye nyumba ya familia ya Kihindi, Tanga. Wengi mnao mtu wa namna hiyo kwenye ukoo, sina haja ya kueleza. Ukoo mzima ulikuwa unajua kwamba chapati za mama mkubwa hazina mpinzani, duara kamili, unaweza kuzitumia kuchorea. Siku za Idi aliitwa yeye. Kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikijisemea kwamba chakula cha Jumanne usiku cha Mhindi hatukijui sisi. Mama mkubwa alikijua. Ndiye aliyekuwa akikipika.

Na kwake hatukukionja hata mara moja. Si dudhi, si dengu za namna ile, si hizo haradali kwenye mafuta.

Nikampigia. Ana umri mkubwa sasa, anasikia kwa shida, ilibidi nipige kelele neno dudhi mpaka jirani akafungua dirisha. Alilikumbuka mara moja. Akanitajia upishi wake wote, wa Kigujarati, wenye nyanya na sukari zaidi kuliko huu wa Kaku, na presha kuka badala ya kifuniko cha maji: filimbi mbili, tatu dengu zikiwa za zamani. Alizungumza kwa ufundi, bila kusita, na alikuwa na maoni makali kuhusu watu wanaotia kitunguu.

Nikamuuliza kwa nini hakutupikia sisi.

"Nikalipike na kwangu tena? Lile nililipika kwa mshahara."

Akaniuliza habari za kazi, akaniuliza naoa lini, salio likakata.

Nimeligeuza jibu hilo sana. Mwanzo nilidhani ni uchungu, kwamba dudhi lilikuwa kwake jina la miaka ya kusimama kwenye jiko la watu. Lakini sauti yake haikuwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu hakumbuki idadi ya filimbi kwa raha vile. Nadhani alikuwa anatenganisha tu: mapishi yale yalikuwa ujuzi wa kazi, na ukitoka kazini unaacha kazi pale. Fundi seremala naye nyumbani kwake milango haifungi. Chapati alizileta kwa sababu tulizitaka na tulimsifu. Dudhi nani angemsifu?

Hapo nikaona kinachonisumbua kwenye video yangu. Watu watatu wamelipika dudhi hilihili. Mmoja analipika kupumzika, mmoja analipika akitazama saa, mmoja alilipika kwa mwisho wa mwezi. Moto ni uleule, dakika ni zilezile 20. Mimi niliyekuja na simu nilikuwa wa nne, na katika sisi wote ni mimi peke yangu niliyekuwa na nafasi ya kuliita jepesi kisha nikaondoka na sahani iliyojaa.

Sijui kama hilo linanizuia kuwapa upishi. Nimeshawapa, uko hapo juu, upikeni. Mkiwa Mombasa au Dar na hing hamna, acheni, chakula hakitakufa. Dengu za kupaaza zikikosekana, choroko zilizokobolewa zinafaa na zinaiva upesi zaidi. Ila mkipima muda, pimeni kuanzia kwenye kuloweka.

Simu ya dukani

Pune imejaa viduka vinavyoitwa poli-bhaji kendra. Dirisha moja, jiko nyuma, wanawake watatu au wanne wanasukuma na kuchoma tangu alfajiri, na wateja wanabeba poli zilizofungwa kwenye karatasi wakitoka au kuelekea kazini. Kwa miaka mingi Kaku alivitazama kama mtu mwingine anavyotazama baa.

Mwezi huu Vahini ametangaza, mezani, mbele ya mumewe aliyekuwa anakula, kwamba siku za kazi poli zitatoka dukani na bhaji itapikwa nyumbani. Mumewe alisema sawa kabla hajamaliza kutafuna, jambo lililomfanya Kaku amkate jicho mwanawe badala ya mkaza mwana. Hoja zilitolewa: unga wao ni wa namna gani, mafuta yao ni yapi, mikono yao nani ameiona. Vahini akasema basi mama aende akaione.

Akaenda kweli. Alisimama pale dirishani mpaka foleni ikaanza kunung'unika, akarudi na habari zote: wa kushoto anatoka Solapur, ana watoto wawili, analipwa kwa idadi ya poli na si kwa siku, na mwenye duka ni bahili wa mafuta. Tangu hapo poli ni za dukani Jumatatu mpaka Ijumaa. Kaku ameweka namba yao kwenye simu yake, na zikija nene anapiga mwenyewe, anaomba apewe yule wa Solapur, na wanabishana kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kupika dudhi.